Bei ya Dola na Safari ya Bibi Zaina

Arobaini ya Shangazi Asha tuliisomea kwenye ua wake kule Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, ua ambao niliishi humo mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na moja. Baada ya dua walileta masinia ya pilau, na mimi nikajikuta nimekaa mkeka mmoja na Mama Hawa na Mama Sakina, wawili waliobaki kati ya wanawake saba wa chama chake. Walikuwa wanakula polepole kwa sababu ya meno. Karibu yetu binti mmoja wa mtaa, mwuzaji wa nguo za Dubai, alikuwa anasoma kwenye simu bei ya dola ya siku hiyo, ya benki kwanza, kisha ya barabarani, na akasema umbali kati ya hizo mbili unamnyima usingizi. Mama Hawa akainua uso kutoka kwenye sinia. "Uliza huyu," akasema, akinionyesha kwa kidole chenye mafuta. "Huyu ndiye alitufundisha dola." Nikamwambia hapana, ni yeye aliyetufundisha, mimi nilibeba makalenda tu. Akatikisa kichwa na kuendelea kula. Sidhani yeyote mwingine pale uani alielewa tulichokuwa tunazungumza, na wala hatukuwaeleza, kwa sababu mambo yenyewe yanahitaji kusimuliwa tangu mwanzo.

Nafundisha uhasibu kwenye shule moja ya sekondari kule Gihosha. Kila mwaka nikifika kwenye somo la fedha za kigeni, wanafunzi wangu tayari wanajua maumivu yake. Wamewaona baba zao wakilala kwenye foleni za mafuta, wamesikia mama zao wakiuliza kwa nini sukari imepanda tena. Wasichokijua ni kwa nini. Wanaamini, kama nilivyoamini mimi nilipokuwa na umri mkubwa kuliko wao, kwamba bei ikipanda lazima pana mtu mmoja mbaya aliyeipandisha. Siwalaumu. Mwaka ule mimi mwenyewe nilikuwa nimeshampata mtu wangu mbaya, na alikuwa ananipikia kila siku.

Niliishi katika chumba kilichopakana na jiko. Kilikuwa na kitanda cha chuma, sanduku la bati, na dirisha dogo lililotazama avenyu. Chini ya dirisha, kwenye sakafu ya saruji, palikuwa na alama nne za miguu ya cherehani, lakini cherehani yenyewe haikuwapo. Nilipokuwa nikija kutembea zamani niliiona pale, nyeusi, na kitambaa cha maua juu yake. Nilipouliza, Shangazi alisema iko kwa fundi. Miezi ikapita, fundi hakuirudisha, na mimi sikuuliza tena. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi na mandazi, na jioni tulikula ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotiwa mawese, au ndagala, wale dagaa wa ziwani aliowauza Mama Hawa, zilizokaangwa mpaka zikawa kavu. Ilikuwa miaka ile ya vita, na kila mtu alitaka awe ndani kabla jua halijazama milimani upande wa Kongo. Kwa hiyo ua ulijaa mapema. Wanawake walikuja kukaa pale saa kumi na saa kumi na moja, wakichambua mchele au kusukana, na mimi nikiwa chumbani nilisikia kila neno kupitia ukuta.

Mazungumzo yao mengi yalimhusu Bibi Zaina. Alikuwa mkunga wa mtaa, mwanamke mfupi, mkimya, ambaye mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya watu wa Buyenzi na wengi wa nje yake. Hakuwahi kudai malipo. Uliyeweza ulimpa, usiyeweza alikupa yeye sabuni. Alipozeeka na mikono kuanza kutetemeka, wanawake saba aliowazalisha waliamua kumpeleka Makka. Walimuuliza msimamizi wa safari za hija gharama ni kiasi gani, akawaambia dola elfu mbili. Dola moja wakati huo ilikuwa faranga mia tano, kwa hiyo wakahesabu milioni moja, wakamchagua Shangazi Asha kuwa mtunza fedha, na wakaanza kuchanga kila Ijumaa. Walichanga miaka minne. Fedha ilikaa ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga, na kopo lilikaa chini ya kitanda cha Shangazi.

Mchana nilikuwa mjini, kwenye duka la vipuri la Mzee Nasoro, karibu na soko kuu la zamani ambalo baadaye liliungua. Babu zake walitoka Omani, lakini yeye alizaliwa Bujumbura na hakuwahi kutamani kwingine. Mimi niliandika ankara kwa Kifaransa, kwa mashine ya taipu ambayo herufi yake ya a ilikuwa inaruka. Dukani kulinukia mpira na grisi, na nyuma ya kaunta palikuwa na kalenda ya ukutani. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa bati, Mzee alipiga simu moja, akasikiliza, kisha akaandika namba mbili kwa penseli ndani ya kisanduku cha siku ile. Aliita namba hizo taux, yaani bei ya kubadilisha dola kwa Kifaransa, kama wenye maduka wote wa mjini walivyoita. Wiki nyingine namba hazikubadilika. Wiki nyingine zilipanda, na hapo alichukua kifutio, akapita rafu moja baada ya nyingine akibadilisha bei zilizoandikwa kwenye maboksi. Nilimtazama akifanya hivyo nikamwona mchoyo. Boksi lilikuwa lilelile na vumbi lake lilelile. Tangu jana halikufanya lolote la kustahili bei mpya.

Siku moja Mzee alikwenda kuswali adhuhuri akaniachia duka. Akaja fundi Eliya, mekanika kutoka Kinama, aliyekuja kwa miguu, akitaka pampu ya maji ya gari. Bei mpya ilikuwa elfu ishirini na tano. Eliya alisema mwezi uliopita aliambiwa ishirini na tatu na mia tano, na mteja wake alimpa hiyo tu. Alikuwa amebana noti zile mkononi hadi zimelowa jasho. Nikamuuzia kwa bei ya zamani. Nilijiona nimetenda haki, na Mzee aliporudi nilimwambia kabla hajauliza, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kufukuzwa.

Hakukasirika. Alivua kofia, akaketi, akaniuliza ile fedha iko wapi. Nikaitoa kwenye droo.

"Vizuri," akasema. "Sasa binti, na feza hiyo hiyo, uninunulie pampu ingine."

Akafungua faili, akanionyesha karatasi ya muuzaji wa Dubai. Pampu ile, pamoja na usafiri, ilikuwa dola thelathini. Ilikuwa dola thelathini mwaka ule, na mwaka uliotangulia pia. Akaniambia nitazame kalenda. Dola ilikuwa imefika mia nane. Nikazidisha kwenye kipande cha karatasi, nikapata elfu ishirini na nne. Nikahesabu noti za Eliya mara mbili. Zilipungua mia tano.

"Nilinunua ile pampu dola ikiwa chini," Mzee akasema. "Daftari litasema tumepata faida. Lakini angalia rafu. Pampu imetoka, na feza ya kuileta ingine aitoshi. Nikiuza hivyo mwaka mzima, nitakuwa na faida nyingi sana na duka tupu."

Hakunikata mshahara. Alichukua mia tano kutoka mfukoni mwake, akaiweka juu ya zile noti, akafunga droo. Nilikaa mbele ya taipu mchana wote nikiandika bila kusoma nilichoandika.

Haikupita wiki mbili, chama cha Shangazi kilitimiza milioni. Ilikuwa Ijumaa, na wanawake walivaa vizuri kama wanaokwenda harusini. Mama Sakina na Shangazi walipeleka habari kwa msimamizi wa safari, na sisi wengine tukawasubiri uani, Bibi Zaina katikati yetu, amekunja mikono mapajani. Waliporudi niliona kwa mwendo wao kwamba kuna jambo. Shangazi aliketi bila kuvua mtandio. Mama Sakina ndiye aliyesema: kwa bei ya siku hiyo, dola elfu mbili zilikuwa faranga milioni moja na laki sita.

Kisha Mama Hawa, ambaye aliuza ndagala sokoni na kuchanga fedha yake akiwa na watoto watano ndani ya chumba kimoja, akauliza swali ambalo sijasahau jinsi lilivyopangwa.

"Bei ya safari iliongezeka?"

"Apana," Mama Sakina akajibu. "Ni dola elfu mbili tu. Kama siku ya kwanza."

"Na feza yetu ilipunguka?"

Kopo likaletwa, noti zikamwagwa juu ya mkeka, zikahesabiwa mbele ya wote. Milioni ilikuwa milioni.

"Basi mi sielewi," Mama Hawa akasema. "Bei aikupanda. Feza aikupunguka. Na aitoshi. Kuna mutu anatufanya wajinga. Kama si yule wa safari, ni mwenye kujuana naye." Akamgeukia Shangazi, na sauti yake ikashuka. "Asha, mi nilikuona. Zaidi ya mwaka sasa, nyuma ya soko, kati ya wale wabadilisha feza. Ulikuwa umeficha kitu ndani ya kitenge. Sikusema, nikafikiri ni mambo yako. Sasa nauliza, ulikuwa unatafuta nini kule na feza ya Bibi?"

Nilitegemea Shangazi akatae. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mwenye majibu kwa kila mtu wa avenyu. Lakini alitazama tu zile noti, akaanza kuzipanga upya kwa vidole. Bibi Zaina alisimama, akasema yeye hakuomba Makka, na kwamba watu wasigombane kwa ajili ya mwanamke mzee. Akatembea polepole hadi kwake. Wanawake walitoka mmoja mmoja bila kuagana.

Jioni ile Shangazi alipika kama kawaida, akanipakulia, na yeye hakula. Mimi nilikula nikiwa natazama chini ya dirisha, pale penye alama nne za cherehani, na wazo baya likanijia taratibu. Cherehani imeuzwa. Mtu hauzi cherehani yake bila shida ya fedha. Mtu mwenye shida ya fedha, na milioni ya wenzake chini ya kitanda chake, huenda akaazima, akaenda nyuma ya soko, akarudisha baadaye. Siku zilizofuata niliendelea kula chakula chake na kumtazama mikono. Wale wanawake hawakuja tena uani. Kupitia ukuta sikusikia tena mazungumzo, nilisikia tu Shangazi akisogeza masufuria.

Kilichonisumbua ni kwamba swali la Mama Hawa lilifanana na jambo nililokwisha kuliona. Bei haikupanda, fedha haikupungua, na haitoshi. Ilikuwa ile pampu. Niliigeuza kichwani siku tatu, na siku ya nne, duka likiwa halina mteja, nikamweleza Mzee Nasoro kila kitu, hata Shangazi kuonekana nyuma ya soko. Alisikiliza akiwa anafuta miwani kwa pindo la kanzu.

"Shangazi yako hakuiba," akasema. "Hakuna aliyeiba. Wale wamama walikuwa wanatembea kwenda mahali ambapo panasogea mbele."

Nikamuuliza nani anapasogeza. Akasema nchi yetu inauza kahawa na chai kidogo, na dola zinazoingia ni hizo na za misaada. Mwaka mvua ikikataa, au vita ikifukuza wafadhili, dola zinakuwa chache. Lakini wanaohitaji dawa, mafuta na vipuri ni walewale, na kila mmoja anaongeza bei ili azipate yeye. Bei ya benki ipo, lakini ni ya mwenye kibali na subira, na benki yenyewe mara nyingi haina cha kukupa. Wengine wote wanakwenda nyuma ya soko. Nikamuuliza kwa nini anaandika namba mbili kila asubuhi. Akasema ya kwanza ni bei ambayo mbadilishaji ananunulia dola kwako, ya pili ni bei anayokuuzia. "Ya pili siku zote ni kubwa. Hapo katikati ndipo chakula chake." Kisha akaingia chumba cha nyuma, akarudi na makalenda ya miaka minne yamekunjwa pamoja na kufungwa kwa kamba, akaniwekea juu ya taipu. "Peleka. Wakisoma wenyewe wataamini."

Nilifika nyumbani, nikamkuta Shangazi anachambua maharage. Niliketi mbele yake nikamwomba aniambie alichokwenda kufanya nyuma ya soko. Sikumwambia nilichokuwa nimefikiri.

Akasema alikuwa ameona dola inapanda. Hakusoma, hakuwahi kusikia neno taux, lakini alikuwa mshonaji aliyenunua vitambaa vya kutoka nje, na mwaka wa tatu wa chama aliona vitambaa vinapanda kila mwezi huku wenye navyo wakitaja dola. Siku moja alichukua laki sita zilizokuwa koponi, akazifunga ndani ya kitenge, akaenda nyuma ya soko akanunua dola elfu moja, kwa mia sita. Wiki tatu akalala nazo kifuani. Kisha Idi ikakaribia, wanawake wakasema wanataka kuhesabu fedha yao, na akaingiwa na woga. Angewaeleza vipi karatasi kumi za kijani mahali pa laki sita? Alikuwa amegusa fedha ya hija bila kuuliza mtu. Aliona ni kama kamari. Akarudi nyuma ya soko kuziuza, na yule yule aliyemuuzia kwa mia sita akazinunua kwa mia tano na sitini.

"Elfu makumi ine ilipotea, mwanangu. Wiki tatu tu. Nikasema huu ni wizi, na mwizi ni mi. Nikauza cherehani nikarudisha."

Nilichukua kalenda ya mwaka ule, nikaifungua juu ya maharage. Nikamwonyesha. Zile dola elfu moja, kama angeziacha kifuani, siku hii zingekuwa nusu kamili ya safari, bila kuongeza hata faranga moja. Laki sita alizorudisha koponi sasa zilikuwa sawa na dola mia saba na hamsini. Kosa halikuwa kuzinunua. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa kuogopa na kuzirudisha. Shangazi akaniuliza kama nina hakika, na nilipomwambia ninayo, alifunika uso kwa mtandio na kulia bila sauti.

Ilinichukua siku mbili kuwazungukia wanawake wote, na Mama Hawa alikuwa wa mwisho kukubali. Walikuja Jumapili asubuhi, wakakaa mbali na Shangazi. Nilitandika makalenda juu ya mkeka na kuanza na kahawa na benki, kwa maneno ya shule, nikaona macho yao yanaondoka. Kisha nikamwuliza Mama Hawa ndagala za jana zilikuwa bei gani.

"Bei mbaya. Mwezi ni mukubwa. Wavuvi wanatoka na taa, samaki hawaoni taa mbele ya mwezi. Ndagala ni kidogo."

"Na watu wanaotaka kula?"

"Ni walewale. Kwa hiyo zinapanda." Alisema hivyo kwa uchovu, kama mtu anayeulizwa jina lake. Akaiangalia kalenda iliyokuwa karibu na goti lake. "Unasema dola ni kama ndagala."

Nikamwambia ndiyo, ndicho ninachojaribu kusema. Wakati walipoanza kuchanga kulikuwa na mwanga mdogo wa mwezi, na sasa mwezi ni mkubwa. Akaniambia nimsomee namba. Nikamsomea Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, mwezi baada ya mwezi, miaka minne, na wanawake wakasikia mia tano ikawa mia tano na hamsini, ikawa mia sita, ikawa mia saba, ikawa mia nane. Mama Sakina alianza kuitikia kila namba kwa kugonga ulimi. Nilipomaliza, Shangazi akasimama mwenyewe na kuwaeleza habari ya laki sita, kitenge, na wiki tatu. Hakujitetea. Alipofika kwenye zile elfu arobaini, mmoja wao akauliza kwa mashaka, inawezekanaje dola zilezile, kwa mtu yuleyule, zipungue hivyo. Na ni Mama Hawa aliyemjibu, kabla mimi sijafungua mdomo.

"We ukinunua ndagala kwangu, kisha ukarudi kuniuzia ndagala zangu, mi nitakupa bei ileile? Nitakula nini? Nitakupa ya pwani, ya wavuvi." Akageuka kwa Shangazi. "Cherehani ulimuuzia nani?"

"Iliondoka, Asha, yaache," Shangazi akajibu, akakosea na kumwita Mama Hawa kwa jina lake yeye Shangazi.

"Asha ni we."

"Iliondoka," Shangazi akarudia, na mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, hata Mama Hawa, ingawa alikuwa anafuta macho. Hakuomba msamaha kwa maneno siku ile. Alivuta mkeka akaketi karibu na Shangazi, bega kwa bega, na akabaki pale hadi mwisho.

Siku iliyofuata Mzee Nasoro aliwauzia dola kwa bei aliyozipata yeye mwenyewe, bila kuweka chakula chake katikati. Milioni ikawa dola elfu moja mia mbili na hamsini. Zilikuwa kidogo sana mkononi, karatasi chache mahali pa kopo zima, na Mama Sakina alizishika kama mtu aliyedanganywa. Lakini tangu siku ile walijua upungufu ni dola mia saba na hamsini, na kwamba kilichokwisha kununuliwa hakitasogea tena. Kila Ijumaa walichanga, na kila Jumatatu nilikwenda na fedha ile dukani nikarudi na dola. Walichanga mara mbili ya zamani na haikutosha, ndipo Mama Hawa akapata wazo la kuwafuata wote waliozalishwa na Bibi. Alikwenda mwenyewe, na ndoo yake ya ndagala kichwani, Buyenzi yote, kisha Kinama. Fundi Eliya alitoa, kwa sababu watoto wake wawili wa kwanza walipokelewa na Bibi. Mke wa mkubwa mmoja wa Kiriri, aliyeshikwa na uchungu akiwa sokoni miaka mingi nyuma, alituma noti ya dola mia moja. Ilikuwa ya zamani, yenye picha ya kichwa kidogo, ambayo nyuma ya soko hawaitaki ila kwa bei pungufu. Mzee aliishika kwenye mwanga, akatupatia mpya mahali pake.

Mwaka ule dola ilipanda tena. Nilikuwa natazama penseli ya Mzee kila asubuhi kwa moyo mwingine kabisa, na niliporudi jioni wanawake waliniuliza bei kabla ya salamu. Wakati wa mavuno ya kahawa ilishuka kidogo, wakafurahi, wakachanga haraka ili wanunue ikiwa chini. Walikuwa wamejua jinsi dola inavyokwenda. Msimu wa hija ulipofika, dola elfu mbili zilikuwa mezani kwa msimamizi wa safari, naye alizihesabu mara moja tu.

Bibi Zaina aliondoka asubuhi. Tulikwenda uwanja wa ndege kwa gari la Mzee Nasoro na magari mawili ya mafundi wa Kinama, watu wengi kuliko viti. Bibi alivaa nyeupe, na alipofika mlangoni akatugusa vichwa mmoja mmoja kama alivyowagusa watoto aliowapokea. Mama Hawa ndiye aliyembebea mkoba hadi pale walipomzuia. Aliporudi kwetu alimshika Shangazi mkono mbele ya watu wote, akasema, "Unisamehe, dada. Nilikutukana na macho yako yaliona mbele kuliko yetu." Shangazi akasema amekwisha kusamehe siku ya ndagala.

Tuliporudi nyumbani tulikuwa wawili tu. Shangazi alisonga ugali, na mimi nikakaa kwenye kizingiti cha jiko. Wiki moja baadaye ningehama kwenda chuo, na niliona siwezi kuondoka na lile jambo tumboni. Nikamwambia kwamba hata mimi nilimshuku. Nikamwambia habari ya alama za cherehani, na kwamba nilikula chakula chake siku nyingi nikimhesabu mwizi.

Hakugeuka. Aliendelea kusonga.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unaangalia mikono yangu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kitu.

"Ningekuambia nini? Kila mutu alinishuku. Hata mi nilijishuku." Akageuza ugali kwenye sahani, akaulainisha kwa mwiko uliochovywa maji. "Lakini we peke yako ulienda kuuliza. Sogea, ule ungali moto."